Kemo Kabla ya Kisu: Mchanganyiko Upi kwa Saratani ya Titi Hasi Tatu?

Majibu ya kinyama yamerudi kutoka maabara, na karatasi inaonyesha hasi mara tatu: estrojeni hasi, projesteroni hasi, HER2 hasi. Daktari anaeleza kwamba mama ataanza dripu za kemo, na upasuaji utafuata baada ya miezi mitano au sita. Hapo ndipo familia nyingi hushtuka. Uvimbe unaonekana, unashikika kwa vidole; kwa nini usitolewe leo? Wapo wanaotoka chumbani wakiamini kwamba kuahirishwa kwa kisu ni namna ya daktari kusema mambo yameharibika, na baadhi yao hawarudi tena.

Swali lao ni la haki, na limejibiwa kwa majaribio ya zaidi ya miaka 30. Nyuma yake lipo swali jingine ambalo madaktari wenyewe wanaendelea kulibishania: dawa zikitangulia, ziwe zipi, kwa kipimo gani, zifuatane vipi? Nauweka msimamo wangu mezani mapema. Kwa hospitali za Afrika Mashariki, hatua yenye ushahidi wa kutosha na gharama inayobebeka ni kuongeza kaboplatini ya kila wiki kwenye mchanganyiko uliozoeleka, kisha kupigania kila dozi itolewe kwa tarehe yake. Tiba ya kinga imethibitika kuongeza maisha na mwenye uwezo wa kuipata aipate, lakini kuikosa si sababu ya kutoa chini ya kile tunachoweza.

Tuanze na lile la familia. Kati ya mwaka 1988 na 1993, jaribio la Marekani lililoitwa NSABP B-18 liliandikisha wanawake 1,523 wenye saratani ya titi iliyoweza kupasuliwa. Wote walipangiwa mizunguko 4 ya doksorubisini na siklofosfamidi. Kura iliamua nani apewe kabla ya upasuaji na nani baada yake. Walipofuatiliwa kwa miaka mingi, makundi yote mawili yaliishi sawasawa. Kutanguliza dawa hakukumwondolea mgonjwa uhai. Kilichobadilika ni kwamba wengi zaidi waliweza kutolewa uvimbe peke yake na kubaki na titi, asilimia 68 kulinganisha na 60. Na jambo jingine lilijitokeza ambalo baadaye lilikuja kutawala uwanja mzima: wale ambao saratani ilitoweka kwa dawa kabla ya kisu waliishi muda mrefu kuliko wale iliyowabakia.

Ipo tahadhari ambayo haitajwi vya kutosha. Mwaka 2018 kundi la watafiti la EBCTCG, lenye makao Oxford, lilikusanya majaribio 10 ya wanawake 4,756 na kuona kwamba baada ya miaka 15 saratani ilirudi pale pale kwenye titi au kifua kwa asilimia 21.4 ya waliotanguliziwa dawa, dhidi ya asilimia 15.9 ya waliotanguliziwa upasuaji. Vifo havikutofautiana. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba upasuaji mdogo zaidi ulifanyika, pengine mahali ambapo uvimbe ulikuwa umeshafifia na daktari hakujua tena mipaka yake ya mwanzo. Ndiyo maana kabla ya dripu ya kwanza inafaa kuweka kipini kidogo cha chuma ndani ya uvimbe, au kuchora alama ya kudumu kwenye ngozi pale kipini kisipopatikana, na kuandika vipimo vyake kwenye faili. Uvimbe wa hasi tatu unaweza kuyeyuka kiasi cha kumwacha mpasuaji bila pa kuelekeza kisu. Hospitali inayotaka kutanguliza kemo bila kuweka alama inamtengenezea mgonjwa hatari ambayo ingeepukika kwa urahisi.

Sasa, hasi tatu ni nini hasa? Saratani nyingi za titi hukua kwa kuchochewa na homoni au na protini iitwayo HER2, na seli zake zina vipokezi ambavyo dawa kama tamoksifeni au trastuzumabu huvilenga. Hii haina hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo dawa hizo hazina pa kushika. Huenea mapema, huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo, na ikirudi mara nyingi hurudi katika miaka mitatu ya kwanza. Duniani ni kati ya asilimia 10 na 15 hivi ya saratani za titi. Marekani wanawake weusi huipata karibu mara mbili ya weupe. Huko Kumasi, Ghana, uchunguzi wa wagonjwa wa hospitali ya Komfo Anokye uliikuta kwa zaidi ya nusu yao, ilhali Ethiopia kiwango kilikuwa cha chini sana. Anayesema kwa jumla kwamba saratani ya titi ya Mwafrika ni hasi tatu anaruka tofauti kubwa zilizomo ndani ya bara hili.

Anaruka pia suala la maabara. Kinyama kilichokaa muda mrefu kabla ya kutiwa formalini hupoteza vipokezi vyake, na msomaji wa darubini ataona hasi mahali palipokuwa na chanya. Mwanamke huyo atapewa kemo kali na kunyimwa vidonge vya homoni ambavyo vingemlinda kwa miaka mingi. Kwa hiyo mjadala wowote wa mchanganyiko gani ni bora huanzia kwenye kichupa cha formalini, kalamu inayoandika saa ambayo kinyama kilitolewa, na maabara yenye uhakika wa kemikali za kupimia vipokezi. Naandika hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalorukwa haraka zaidi kwenye mikutano ambako kila mtu anataka kuzungumzia dawa mpya.

Kipimo kinachotumika kulinganisha michanganyiko ni kutoweka kamili: baada ya kemo, titi na tezi za kwapani zinapokatwakatwa na kutazamwa kwa darubini, hakuna saratani vamizi iliyobaki. Mwaka 2008 watafiti wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, walionyesha kitu kilichowashangaza wengi. Wenye hasi tatu walifikia kutoweka kamili kwa asilimia 22, mara mbili ya wenye aina nyingine, na waliofikia hapo waliishi vizuri kama wengine wote. Walioachiwa mabaki ndio waliofariki mapema. Mwaka 2014 uchambuzi wa majaribio 12 yenye wanawake karibu 12,000 ulipima uzito wa jambo hilo: kwa mwenye hasi tatu, kufikia kutoweka kamili kuliambatana na hatari ya kifo iliyo chini kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko aliyebakiwa na saratani.

Lakini uchambuzi huo huo ulibeba onyo. Mchanganyiko ulioongeza idadi ya wanaofikia kutoweka kamili haukuonyesha kwa uhakika kwamba unaongeza miaka ya kuishi kwa kundi zima. Mfano upo tangu zamani. Jaribio la NSABP B-27 liliongeza dosetakseli juu ya doksorubisini na siklofosfamidi, na kutoweka kamili kukapanda kutoka asilimia 14 hivi hadi 26. Karibu mara mbili. Hata hivyo, wanawake wa kundi hilo hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wa wale walioingia jaribioni hawakuwa na aina ya saratani ambayo matokeo hayo yanaitabiria maisha. Sababu nyingine ni kwamba dawa inaweza kumsogeza mgonjwa aliyekuwa karibu kupona hata bila hiyo, bila kumgusa yule ambaye mbegu za ugonjwa zimeshafika kwenye mapafu au ubongo. Yeyote anayesoma habari kwamba dawa fulani imeongeza kutoweka kamili kwa asilimia 15 aulize swali moja: je, baada ya miaka mitano, wangapi wako hai?

Kwa kipimo hicho tuitazame michanganyiko yenyewe.

Uti wa mgongo ni makundi mawili ya dawa. La kwanza ni antrasaiklini, ambamo wamo doksorubisini, ile dripu nyekundu ambayo kila aliyewahi kulala wodi ya saratani anaijua, na epirubisini ndugu yake. Hutolewa pamoja na siklofosfamidi, kwa kawaida mizunguko 4. Kundi la pili ni taksani: paklitakseli ya kila wiki kwa wiki 12, au dosetakseli ya kila wiki tatu. Paklitakseli ikitolewa kidogo kidogo kila wiki hufanya kazi vizuri kuliko ikitolewa kwa kishindo kila wiki tatu. Hilo lilishaamuliwa na halina haja ya ubishi tena. Vivyo hivyo kuhusu kubana nafasi kati ya mizunguko ya antrasaiklini, kutoka wiki tatu hadi mbili. EBCTCG walionyesha mwaka 2019 kwamba kubana ratiba hupunguza kurudi kwa saratani ndani ya miaka 10 kutoka asilimia 31.4 hadi 28.0. Faida si kubwa, lakini ni ya kweli, na sharti lake ni kuwepo sindano za kupandisha seli nyeupe za damu. Pasipo sindano hizo, kubana ratiba ni kumwalika mgonjwa apate maambukizi yatakayomuua kabla ya saratani.

Ubishi mkubwa umekuwa kuhusu dawa za platini. Hizi hutia vifungo kwenye DNA hadi seli ishindwe kujigawa, na kwa kuwa hasi tatu nyingi zina kasoro katika kurekebisha DNA, ilitarajiwa kwamba zingeumia zaidi. Ujerumani, jaribio la GeparSixto liliongeza kaboplatini ya kila wiki kwa wanawake 315 wenye hasi tatu, na kutoweka kamili kukapanda kutoka asilimia 36.9 hadi 53.2. Marekani, CALGB 40603 lenye wanawake 443 likapata jambo hilo hilo: asilimia 41 hadi 54. Baadaye BrighTNess, jaribio la nchi nyingi la wanawake 634, likaja na tofauti kubwa zaidi: asilimia 31 kwa waliopata paklitakseli peke yake kabla ya antrasaiklini, 58 kwa walioongezewa kaboplatini. Kundi la tatu liliongezewa pia dawa iitwayo veliparibu, na hilo halikufika mbali zaidi ya lile la kaboplatini. Kwa hiyo veliparibu ikatoka kwenye mjadala, nayo kaboplatini ikabaki.

Ndipo ikaja miaka ya kusubiri. GeparSixto ilionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 85.8 ya waliopewa kaboplatini hawakuwa na saratani iliyorudi, dhidi ya 76.1. BrighTNess baada ya miaka minne ilionyesha asilimia 79.3 dhidi ya 68.5. Lakini CALGB 40603 haikuona tofauti yoyote ya muda mrefu. Majaribio matatu, matokeo yanayovutana, na kwa miaka kadhaa wataalamu wenye busara walikaa pande mbili tofauti.

Mimi naona ufunguo wa mvutano huo umo ndani ya CALGB yenyewe. Humo kaboplatini ilitolewa kwa dozi kubwa kila wiki tatu, pamoja na paklitakseli ya kila wiki. Damu za wanawake hao zilishuka vibaya: upungufu mkali wa seli nyeupe uliwapata zaidi ya nusu, wakati kwa wasiopewa ulikuwa karibu robo. Damu ikishuka, dripu inaahirishwa. Dripu ikiahirishwa mara mbili tatu, inafutwa. Waliopewa kaboplatini walikosa dozi nyingi zaidi za paklitakseli, na watafiti walipochambua baadaye waliona kwamba waliomaliza angalau dozi 11 kati ya 12 za paklitakseli walifanya vizuri zaidi kuliko waliokatisha. Yawezekana kabisa kwamba kile kaboplatini ilichoongeza kwa mkono mmoja, dozi zilizokosekana zilikichukua kwa mkono mwingine.

Jibu lililonishawishi zaidi limetoka Mumbai. Hospitali ya Tata Memorial, inayopokea wagonjwa maskini kutoka kila pembe ya India, iliendesha jaribio lake yenyewe kati ya 2010 na 2020, wanawake 720, kituo kimoja. Walipewa paklitakseli kila wiki kwa wiki 8, nusu yao wakiongezewa kaboplatini ndogo ya kila wiki, kisha wote wakapata mizunguko 4 ya antrasaiklini kila wiki tatu. Matokeo yalitangazwa San Antonio, Texas, Desemba 2022. Kutoweka kamili kulipanda kutoka asilimia 40.3 hadi 54.5. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 74.4 kwa waliopewa kaboplatini na 66.8 kwa wasiopewa. Kwa wote kwa pamoja tofauti hiyo ya uhai ilikosa kidogo tu kufikia uhakika wa takwimu. Kwa wenye umri wa miaka 50 na chini, haikuacha shaka: asilimia 77.1 dhidi ya 65.9. Kwa waliozidi miaka 50, faida haikuonekana.

Jaribio hili linastahili kusomwa neno kwa neno Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wagonjwa wake wanafanana na wetu kuliko wa jaribio lolote lingine kati ya haya: vijana kwa kiwango kikubwa, uvimbe mkubwa, kipato kidogo, hospitali ya umma iliyojaa. Dawa zilizotumika zote zimeshatoka kwenye hataza na hutengenezwa na viwanda vingi. Kipimo cha kaboplatini hukokotolewa kutokana na utendaji wa figo, kwa hiyo kinachohitajika ni kipimo cha kreatinini na picha nzima ya damu kabla ya kila dripu, vitu ambavyo hospitali ya rufaa tayari inavyo. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane yaliyokusanya majaribio ya platini kwa hasi tatu ya mapema yalihitimisha kwamba dawa hizi hupunguza kurudi kwa saratani na hupunguza vifo. Baada ya hapo, kusema kwamba ushahidi bado ni mchanga ni kujificha.

Wengi huuliza kama kaboplatini ni ya wenye kasoro ya jeni za BRCA tu, na kama kipimo cha jeni hakipo basi bora kuiacha. Katika saratani iliyokwisha kusambaa, jaribio la Uingereza liitwalo TNT lilionyesha kweli kwamba wenye kasoro hiyo huitikia kaboplatini mara mbili ya wanavyoitikia dosetakseli. Kabla ya upasuaji mambo hayakwenda hivyo. Ndani ya GeparSixto wenye kasoro ya BRCA walifikia kutoweka kamili kwa karibu asilimia 66, wakipewa kaboplatini au wasipopewa. Faida ilionekana kwa wale wasio nayo. Na jaribio la INFORM lililowapa wenye BRCA sisplatini peke yake lilipata kutoweka kamili kwa asilimia 18, chini ya asilimia 26 ya doksorubisini na siklofosfamidi. Kipimo cha BRCA kina kazi yake kubwa, hasa kwa ndugu wa mgonjwa na kwa uamuzi wa kumpa dawa ya olaparibu baada ya upasuaji. Kukikosa kusimzuie mtu kupewa kaboplatini.

Vipi kuhusu kuiacha kabisa dripu nyekundu? Doksorubisini inaweza kuudhoofisha moyo, na kuna mgonjwa wa miaka 60 mwenye presha ya siku nyingi ambaye daktari mwangalifu hatataka kumpa. Jaribio dogo la Marekani la NeoSTOP, wanawake 100, lililinganisha kaboplatini na dosetakseli kwa mizunguko 6 dhidi ya paklitakseli na kaboplatini zikifuatwa na antrasaiklini. Pande zote mbili zilipata kutoweka kamili kwa asilimia 54, na upande usio na antrasaiklini uliumia kidogo. China, NeoCART lilipata asilimia 61.4 kwa dosetakseli na kaboplatini dhidi ya 38.6 kwa mpango wa zamani usio na platini. Haya ni majaribio madogo na hayatoshi kuifanya njia hii kuwa ya kila mtu. Kwa mwenye moyo dhaifu, au pale kipimo cha eko cha moyo kilipo mbali, ni mbadala wa heshima na sioni sababu ya kuogopa kuutumia.

Sasa tiba ya kinga. KEYNOTE-522, wanawake 1,174 wenye hasi tatu ya hatua ya pili na ya tatu, iliongeza pembrolizumabu juu ya mchanganyiko wote mzito: paklitakseli na kaboplatini, halafu antrasaiklini na siklofosfamidi. Dawa hii haiui seli za saratani yenyewe. Huondoa kizuizi kinachowafanya askari wa kinga wazipite seli hizo bila kuzitambua. Matokeo ya kwanza, yaliyohusu kutoweka kamili, yalikuwa asilimia 64.8 dhidi ya 51.2. Februari 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura zote 10 kutaka uamuzi usubiri, wakitaka kwanza waone kama wanawake wanaishi bila saratani kurudi. Walikuwa sahihi kusubiri. Idhini ilitoka Julai mwaka huo, na mwaka 2024 jibu kamili likapatikana: baada ya miaka mitano waliokuwa hai ni asilimia 86.6, dhidi ya 81.7 kwa waliopata kemo peke yake.

Takriban wanawake watano zaidi kati ya kila mia wako hai. Ni faida kubwa kwa ugonjwa huu, na hakuna sababu ya kuipunguza kwa maneno. Tuitazame pia kwa upande wa pili. Kundi lililopata kemo yenye kaboplatini bila tiba ya kinga lilifikia asilimia 81.7. Tusililinganishe moja kwa moja na Mumbai, kwa kuwa wagonjwa walikuwa tofauti na huduma tofauti, lakini linatukumbusha kwamba sehemu kubwa ya jengo hili ni kemo nzuri iliyotolewa kikamilifu. Aidha, wanawake weusi ndani ya KEYNOTE-522 hawakufika hata mmoja kati ya kumi.

Gharama yake haiishii kwenye fedha. Madhara yatokanayo na kinga kugeukia mwili wenyewe yaliwapata theluthi moja ya waliopewa pembrolizumabu, na yale makali asilimia 12.9, dhidi ya asilimia 1 kwa wenzao. Tezi ya shingo huzima na mgonjwa hunywa vidonge maisha yake yote. Tezi zilizo juu ya figo zikizima, na mtu yuko kijijini siku mbili kutoka hospitali, kutapika na kizunguzungu cha kawaida kinaweza kuwa kifo ambacho hakuna aliyekitambua. Anayeileta dawa hii kwenye kituo chochote alete pamoja nayo vipimo vya homoni za tezi, akiba ya haidrokotisoni, na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Ulinganisho wa michanganyiko ya kabla ya kisu haukamiliki bila kuuliza kinachofuata baada yake, maana kutanguliza dawa kuna thamani kubwa zaidi pale matokeo ya upasuaji yanapobadilisha tiba. Japani na Korea Kusini, jaribio la CREATE-X liliwapa vidonge vya kapesitabini wanawake ambao saratani ilibaki baada ya kemo. Kwa wenye hasi tatu, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walipanda kutoka asilimia 70.3 hadi 78.8. Hivi ni vidonge vya kumeza nyumbani. Kwa bei yake, sijui nafasi nyingine katika ugonjwa huu ambapo faida kubwa kiasi hicho hupatikana kwa ugumu mdogo hivyo. Lakini ili mtu aipate, ni lazima titi lililotolewa lifike kwa mtaalamu wa patholojia, ripoti iandike wazi kama mabaki yapo, na ripoti hiyo imfikie daktari wa saratani kabla mgonjwa hajaambiwa kwamba amemaliza. Mahali ambapo ripoti ya upasuaji hukaa miezi mitatu, faida yote ya kuanza na dawa inapotea kwenye droo.

Hapo ndipo namna ya kuuliza inapobidi ibadilike kwa upande wetu. Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta, Hospitali ya Moi kule Eldoret, Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, Butaro kule Rwanda: vituo hivi vina wataalamu wanaoijua kila tarakimu niliyoitaja. Kinachowashinda ni mgonjwa anayekuja kwa mzunguko wa kwanza na wa pili, akakosa wa tatu kwa sababu nauli imekwisha, akarudi kwa wa nne baada ya wiki saba. Ni dawa inayopatikana Januari na kukosekana Machi. Ni bima inayolipa idadi fulani ya vipindi kwa mwaka, wakati mchanganyiko wa kila wiki una dripu nyingi kuliko wa kila wiki tatu. Hili la mwisho ni gumu kweli kweli: kaboplatini na paklitakseli za kila wiki ndizo salama na bora, ilhali ndizo zinazomtaka mgonjwa asafiri mara nyingi zaidi. Mama anayeishi Kigoma au Lodwar hawezi kwenda na kurudi kila Jumatatu. Kumpa malazi karibu na hospitali kwa miezi mitatu ni sehemu ya tiba yake, na bajeti inayolipa dawa pasipo kulipa kitanda cha kulala inanunua dawa zitakazokatishwa.

Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2021 mpango wake wa saratani ya titi wenye malengo matatu: angalau asilimia 60 ya saratani vamizi zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba yao. Kwa hasi tatu hilo la tatu ndilo ningeanza nalo, na ningeongeza la nne: upasuaji usichelewe zaidi ya wiki 8 baada ya dripu ya mwisho, kwa kuwa ucheleweshaji wa kupita hapo umehusishwa na vifo zaidi.

Yapo maswali ambayo majibu yake yatatufaa kuliko mtu yeyote, na sioni kwa nini tusubiri yaulizwe kwingine. Pembrolizumabu katika KEYNOTE-522 hutolewa mara 8 kabla ya upasuaji na mara 9 baada yake. Jaribio la Marekani la OptimICE-pCR linapima kama aliyefikia kutoweka kamili anaweza kuziacha hizo 9. Likithibitisha, gharama ya dawa kwa wanawake hao itapungua kwa zaidi ya nusu. Na mwaka 2022 Tata Memorial ilionyesha, kwa saratani za kichwa na shingo zilizosambaa, kwamba nivolumabu, dawa ya ukoo huo huo, kwa dozi iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya kawaida ikiongezwa kwenye tiba nyepesi ilirefusha maisha. Ni swali linalostahili jaribio la nguvu kwa hasi tatu: dozi ndogo ya tiba ya kinga pamoja na kaboplatini ya kila wiki, kwa wanawake wa chini ya miaka 50, wakifuatiliwa kwa miaka mitano.

Uwezo wa kuliendesha upo. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, na ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani ambapo kuchanganya dawa za kemo kulipimwa kwa makini, kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt, wakati hospitali nyingi tajiri zilikuwa bado zinatoa dawa moja moja. Mumbai ilihitaji miaka 10 na kituo kimoja kufikisha wanawake 720. Vituo vyetu vikuu vikikubaliana juu ya fomu moja ya patholojia, ratiba moja ya dripu na daftari moja la ufuatiliaji, idadi hiyo inaweza kufikiwa mapema zaidi, na kila mwanamke atakayeingia, hata atakayepangiwa kundi la kawaida, atakuwa amepata kaboplatini yake ya kila wiki, kipini kwenye uvimbe, na ripoti inayomfikia daktari wake kwa wakati.